Mashine za kutoa vifaa kiwandani (zile kama za soda), kuna mdau anazijua? Bosi anataka kuziba stoo

stoo_vingunguti

Wakuu habari za mihangaiko. Naomba mawazo yenu hasa mliopo viwandani. Mimi ni stokipa kwenye kiwanda cha kukereza na kuchomelea vyuma hapa Dar, tuko kama watu 70 shifti mbili, tunatengeneza shafti, bushi, gia, na matrela kidogo. Sasa mkurugenzi kaenda maonyesho huko nje karudi na picha kwenye simu za mashine kama ile ya soda, fundi anapitisha kadi, anabonyeza namba, inamwangushia glavu au diski ya grainda au drill biti na papo hapo inaandika nani kachukua nini saa ngapi. Kila kikao anaitaja. Anasema stoo inavuja na hajui inavujia wapi.

Kuvuja inavuja kweli, sikatai. Diski za inchi nne na nusu zinaondoka boksi kwa boksi, insati (vile vipande vidogo vya makali ya kukatia chuma kwenye mashine) nikitoa paketi ya kumi keshokutwa mtu yuleyule yuko dirishani anataka nyingine, na usiku mimi sipo, ufunguo anabaki nao supavaiza, asubuhi nakuta vitu vimepungua na leja haijaandikwa hata mstari. Nikiuliza naambiwa "kazi ilikuwa ya haraka".

Ninachotaka kujua, hiyo mashine inafaa kiwanda cha saizi yetu au ni mambo ya wenzetu wakubwa, gharama zake zikoje, umeme ukikatika inakuwaje, na mimi mwenyewe nabaki na kazi gani maana hapo ndipo tumbo linaponikata. Msinicheke.

fundi_thika

Sasa mkuu. Mimi ni machinist huku Thika, kampuni niliyokuwa mbeleni tulikuwa nayo moja, si ya springi (ile ya waya umejikunja unasukuma kitu kinaanguka kama ya soda), ile ya droo, unaweka kadi inafungua kashimo kamoja tu ka kitu umeitisha. Ilikuwa ya insati na endimili (zile za kukata kwa mashine ya milling) peke yake kwa hivyo nitaongea juu ya hizo, mengine wengine watasema.

Kwanza usikubali bosi aanze na neno wizi. Insati ya leth mtu ataiuzia nani mtaani? Hizo hazijatoka geti, ziko kwa toolbox. Fundi akikosa insati mara moja tu katikati ya job, mashine imesimama na supavaiza anampigia kelele, kutoka siku hiyo akija dirishani anaitisha mbili, moja ya kazi na moja ya kuficha. Sasa zidisha na mafundi wote ulio nao. Ndiyo maana stoo iko empty na factory imejaa insati. Kwetu mashine ilipokuja mwezi wa kwanza watu walibeba hata kuliko kawaida, wakiogopa imekuja kuwabana, lakini vile waliona kila wakienda wanapata, hata saa tisa usiku, ile tabia ya kuficha ikaisha pole pole. Baadaye meneja akasema kila mtu afungue toolbox arudishe zile hazijaguswa, hakuna maswali. Acha tu nisiseme zilitoka ngapi.

Kwa hivyo kazi kubwa ya hiyo kitu ni kutoishiwa. Hiyo ya kujua nani amechukua inasaidia, ndio, lakini inakuja nyuma.

Ya pili ni makali, na hii hauhitaji mashine yoyote. Insati aina ya CNMG iko na makali manne, mawili juu na mawili ukiigeuza. Aina ya WNMG iko na sita. Enda saa hii kwa pipa la scrap uchukue insati konzi moja uangalie, utapata zimeliwa upande mmoja tu na zikatupwa. Fundi anageuza mara moja, anachoka, anaweka mpya. Hapo unatupa nusu ya pesa ama zaidi na ripoti ya mashine itakuonyesha tu kwamba amechukua, haitakuonyesha ametupa nini. Sisi ilikuwa ukitaka mpya unaleta iliyoisha, zote kona zimetumika, la sivyo rudi ukageuze. Na hizo zilizoisha msitupe na chuma cha kawaida, kabaidi, ile insati imetengenezwa nayo, iko na tungsten, wanunuzi wa scrap wanaipima kando na bei yake haikaribiani na ya chuma.

Kitu ingine. Mtu asikuuzie mashine ya springi ya kuweka endimili. Kabaidi ni ngumu lakini inameguka upesi, ikianguka kutoka rafu ya juu makali yanatoka vipande vidogo hata hutaona na macho, utaona wakati imeharibu job.

mtoto_wa_bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi mtu wa Bukavu lakini miaka mingi niko huku Amerika, Ohio, natumika mu kiwanda cha vipande vya magari. Hizo mashine hapa ziko kila pembe, mtu haziangalie hata. Unapitisha beji, unafinya namba ya kitu, zingine zinakuuliza namba ya kazi unayofanya, halafu inakuangushia. Glavu zina kipimo, ukifikisha chako kwa siku inakatala mpaka chef, mkubwa wa kazi, aruhusu. Watu wanazunguka hiyo haraka sana, anamuomba mwenzake beji na inaisha hapo, kwa hiyo ile "nani kachukua" usiiamini mia kwa mia.

Ziko aina nyingi, bosi wako aliona moja tu. Ya springi ni ya vitu vyepesi ambavyo vikianguka havina neno: glavu, miwani, plagi za masikio, tepu, betri. Kuna ya duara, rafu zinazunguka ndani na kamlango kadogo kanafunguka mbele ya kitu chako tu, kitu hakianguki. Kuna ya milango kama makabati, hiyo ni ya kuazima na kurudisha, grainda, drili, geji, vernia. Hapo angalia vizuri, mashine inajua mlango umefunguliwa na kufungwa lakini nyingi hazijui umerudisha nini, nimeona mtu anarudisha boksi bila kitu ndani na mashine inaandika imepokea. Halafu kuna zile za mizani chini ya kila bakuli, za bolti na nati, zinapima uzito zinajua zimebaki ngapi.

Kampuni kubwa ya hizi vitu huku ni Fastenal, ya Winona, Minnesota, wameanza 1967 na duka la bolti. Tena inasemwa wazo la mwenyewe tangu mwanzo lilikuwa kuuza bolti kwa mashine, ikashindikana, akafungua duka la kawaida, na hizi mashine zikakuja kupata nguvu miaka mingi nyuma yake. Sasa wanazo zaidi ya 100,000 mu viwanda vya wateja.

Lakini hii ndiyo nataka mushike. Mashine inafanya kazi kwa sababu kuna mutu wa sapulaya anakuja kila juma na gari yake anazijaza. Ikifika namba ya chini inatuma habari kwao yenyewe, na wao wako karibu na mji, stoku wanayo. Bila huyo mutu, mashine ni kabati la bei kali tu. Huko Dar nani atakuja kujaza?

mhasibu_mnoko

Huyu wa Ohio kagusa penyewe. Ngoja niwaharibie raha zaidi.

Huko kwao mara nyingi kiwanda hakinunui mashine. Sapulaya anaileta bila malipo au kwa kodi ndogo kwa sharti kwamba utanunua kwake kiasi fulani kila mwezi, na kuna mikataba ambayo mzigo uliomo ndani unabaki mali ya sapulaya mpaka fundi abonyeze, ndipo ankara inakuja. Hiyo ya pili ni tamu kwa mzunguko wa pesa, huna mtaji uliolala rafuni. Ila hiyo "bure" ipo ndani ya bei ya glavu, msijidanganye, na ukishamzoea kumhama ni shughuli kwa sababu namba zote za vitu, viwango, historia ya matumizi viko kwenye mfumo wake.

Kwako mkuu, mkurugenzi akiamua kuagiza mwenyewe maana yake anunue mashine, alipe meli, ushuru, VAT, halafu programu inalipiwa kila mwezi kwa dola na spea ziko nje. Bodi ya umeme ya ndani (circuit board) ikiungua utasubiri. Kabla hajafika huko mwombe kitu kimoja, mtoe matumizi ya stoo ya mwaka mzima kwa shilingi si kwa idadi, mpange kutoka kikubwa kwenda kidogo. Karibu kila stoo niliyowahi kukagua vitu vichache vya juu ndivyo vinakula sehemu kubwa ya pesa, na huko chini kuna mamia ya vitu vya senti ambavyo mtu anapoteza nusu siku kuvilinda. Kama insati na diski ndizo ziko juu basi mnahitaji kufunga insati na diski, siyo stoo nzima.

Na hili mwambie mapema kabla hajaipenda ripoti. Najua tu atataka kuanza kukata mishahara, "mashine inasema Fulani kachukua diski nyingi". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 haimruhusu kukata kienyeji. Kama ni hasara lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, apewe maandishi yenye sababu na kiasi na namna kilivyopigwa, apewe nafasi ya kupinga, isizidi hasara halisi na isizidi robo ya mshahara. Tena kwenye kukatwa mfanyakazi awe kakubali kwa maandishi. Rekodi ya mashine ambayo watu wanaazimana kadi hapo CMA, kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi, haifiki mbali.

kijana_wa_leja

Leja hamjazi mnataka kompyuta 😂 supavaiza mwenye ufunguo wa usiku ndo atakuwa na ufunguo wa mashine hiyohiyo nawaambia

stoo_vingunguti

@kijana_wa_leja umecheka lakini umesema kweli, na hilo naomba wa Ohio anijibu, mashine inafunguliwaje umeme ukikatika au intaneti ikigoma?

@fundi_thika nimeenda kwenye pipa la scrap mkuu. Sitaki kuandika sana. Kuna CNMG zina kona moja tu imetumika, moja! Nimezifunga kwenye mfuko nimeziweka juu ya meza ya meneja uzalishaji bila kusema neno, kaziangalia muda mrefu. Halafu mafundi wenyewe wanasema upande wa pili "haukai vizuri" sijui ni kweli au uvivu.

fundi_thika

Wakati mwingine ni kweli. Ukichelewa kugeuza, kona inavunjika vibaya inaharibu mpaka ya chini yake, na kama ile bati ya chini ya insati imeliwa, upande wa pili utacheza. Angalia holda zenu, hiyo bati na skrubu ni spea za bei ndogo lakini hakuna mtu huziweka kwa stoo. Ziweke.

mtoto_wa_bukavu

Intaneti ikikatika zetu zinaendelea kutoa, zinajiwekea habari ndani halafu inatuma ikirudi. Courant, umeme, ndiyo shida. Ikizimika milango inabaki imefungwa, kwa hiyo muko na jenereta au betri ya UPS ama muko na ufunguo wa mkono. Na huyo kijana ana haki, ule ufunguo ndio unaua mashine. Hapa zamani chef wa usiku alikuwa anafungua mbele yote "kwa dharura" na watu wanachota, asubuhi hesabu ya mashine inasema 14 na ndani kuna 3, sasa mashine haiagizi kitu kwa sababu inaamini bado kuna 14, na kesho yake ndio mnaishiwa. Dawa yao ilikuwa ufunguo ndani ya bahasha yenye sili, ukivunja unaandika jina na vitu ulivyotoa, na mwenye kujaza anahesabu upya siku hiyohiyo. Kuhesabu upya ni kazi ya kila juma hata kama hakuna aliyefungua, springi inakwama, kitu kinaangukia pembeni, zinaanguka mbili mara moja.

dada_usalama

Naomba niongee kwa upande wa usalama kabla hamjafunga glavu kwenye mashine. PPE, yaani vifaa vya kujikinga kama glavu na miwani, ni wajibu wa mwajiri kutoa bila kumtoza mfanyakazi, Tanzania ipo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na kwa wa Kenya ni ile ya 2007. Ukiweka kikomo cha pea moja kwa siku halafu glavu ya mchomeleaji ikaungua saa nne asubuhi na supavaiza hayupo, huyo mtu ataendelea na kazi mikono mitupu, na akiungua ripoti ya ajali haitaandika "mashine ilikataa". Kikomo kiwe cha kutoa taarifa tu, kwamba Fulani kachukua nyingi kuliko wenzake, mtu aende kumuuliza kwa nini. Mara nyingi utakuta anafanya kazi chafu kuliko wengine au glavu mlizonunua ni za bei rahisi zinachanika.

Kuhusu diski. Angalieni ile pete ya chuma katikati, diski za kukatia na kusagia za gundi zina tarehe ya mwisho imechapwa pale, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Gundi inachoka hasa kwenye unyevu kama wa Dar na diski inaweza kupasuka ikiwa kasi. Kwa hiyo awe mtu awe mashine, za zamani zitoke kwanza. Kwenye springi anayejaza kwa haraka anachomeka mpya mbele zile za nyuma zinazeekea huko, nimelikuta hilo mahali na hakuna aliyekuwa akiangalia.

Halafu wakija kuwauzia ile ya alama ya kidole badala ya kadi muwe macho. Kidole ni taarifa nyeti ya mtu, Kenya wana sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 na sisi ya 2022, si kitu cha kuchukua tu bila utaratibu. Tena mikono ya mafundi imejaa grisi na ngozi imesagika, kifaa kitakataa kusoma kila saa. Kadi inatosha.

mhasibu_mnoko

Dada umemaliza. Mkuu wa Vingunguti nikupe jinsi ningefanya mimi, upeleke kwa mkurugenzi kama wazo lako.

Chukua vile vitu kumi au kumi na tano vya juu kwenye orodha ya shilingi. Kila kimoja weka kiwango cha chini na cha juu. Mfano diski, kama wiki mnatumia 50 na sapulaya anachukua wiki moja kuleta baada ya oda, chini usiende chini ya 50 na uongeze ya tahadhari kwa sababu wasambazaji wetu unawajua, tuseme 80. Ukifika 80 unaagiza, hungoji iishe wala hungoji kikao. Hesabu hiyohiyo ndiyo mashine inafanya, na ukiingiza namba za kubahatisha kwenye mashine itakuishia vilevile, tena kwa gharama.

Usiku, ufunguo wa stoo nzima usitoke. Weka kabati moja la shifti, vitu vya usiku mmoja vilivyohesabiwa, orodha imebandikwa mlangoni, supavaiza anasaini kupokea jioni na asubuhi mnahesabu pamoja tofauti. Akipungukiwa anaeleza yeye. Halafu chapisha namba za mistari (barcode) kwa kila kitu na kadi ya kila fundi, kifaa cha kusomea hizo namba ni kitu cha bei ndogo unachomeka kwenye kompyuta, jedwali la kawaida linatosha. Mkae hivyo miezi kadhaa. Hapo bosi akitaka bado mashine mtakuwa na takwimu za kweli, na mtajua kama ni ya droo kwa ajili ya insati tu au kuna haja ya zaidi.

stoo_vingunguti

Nashukuruni sana wakuu, na dada. Nimeshaanza kupanga hiyo orodha ya shilingi na juu kabisa ni insati, diski, halafu kitu ambacho sikutegemea, fimbo za kuchomelea. Glavu ambazo bosi ndizo anazipigia kelele kila siku ziko chini huko hata hazionekani. Kikao ni wiki ijayo, nitapeleka na ule mfuko wa insati.

Kuhusu kazi yangu sijapata jibu la moja kwa moja ila naona kama kuna mtu lazima ahesabu, ajaze, apange viwango, afuatilie sapulaya. Basi nitamwambia huyo mtu ni mimi.

Swali la mwisho, hizo fimbo, mnaziwekaje? Zetu za 7018 zinakaa rafuni paketi imefunguliwa, mchomeleaji anachukua konzi anaondoka, jioni zilizobaki anazitupa au zinabaki chini. Zinaweza kukaa kwenye hayo makabati?

fundi_thika

Hapana, 7018 usiweke kwa kabati yoyote wazi. Hizo zikifyonza unyevu weld inapata vishimo na inaweza kupasuka baadaye, na kwa trela hiyo si mchezo. Paketi ikifunguliwa zinaenda kwa oveni ya fimbo, inakaa kama digrii 120, mchomeleaji anapewa za masaa machache tu ndani ya kale kaoveni kadogo ka kubeba, akimaliza anarudi. Zikirudi baridi zilizokaa nje siku nzima usizichanganye na zile za moto. 6013 hazina maneno mengi, hizo zitakaa rafuni pakavu.

Na ukifanya hivyo utaona hesabu ya fimbo inashuka yenyewe, kwa sababu hakuna mtu atabeba konzi kama anajua lazima arudishe.

dada_usalama

Hiyo oveni iwekeni mbali na diski na tina za rangi tafadhali, na plagi yake iwe na saketi yake peke yake.